Asilimia Arobaini na Sita

"Samahani kaka, naomba nikuulize. Kwa hiyo mimi sikuandika kitu?"

Aliyeuliza ni binti aliyekuwa fildi kwetu. Ilikuwa Alhamisi, saa tano asubuhi, ofisini kwetu Makole, Dodoma. Msimamizi wake kutoka chuoni alikuwa amekuja kumkagua. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya skrini yangu, miwani imeshuka puani, fomu mapajani. Dakika mbili kabla nilikuwa nimejitapa: mwalimu, huyu binti ndiye aliyeandika sehemu yote ya mizani, ngoja nikuonyeshe kwa macho yako. Nikafungua `weighing.py`, faili la mizani, nikaandika `git blame` (Git ni programu inayotunza historia ya kazi yetu, na amri hiyo inaonyesha nani aliugusa kila mstari), na jina likajipanga upande wa kushoto kuanzia mstari wa kwanza hadi wa 143.

Jina langu.

Tarehe moja, saa moja, dakika moja. Kana kwamba niliamka siku hiyo nikaitapika mistari yote kwa pumzi moja.

Mwalimu alikuwa mstaarabu. Alisema "sawa, sawa", akaandika kitu kwenye fomu, akaomba maji. Mimi nikaanza kueleza, na unajua maelezo yanavyokuwa ukiyaanza ukiwa umeshachelewa. Alipotoka ndipo binti akauliza lile swali, kwa sauti ya chini, logibuku kifuani. Hakuwa amekasirika. Alitaka kujua tu.

Hii ni wiki ya saba na bado nalisikia.

## Jumapili ile

Naandika kodi, zile za programu za kompyuta. (Mama mkubwa wangu wa Mpwapwa anaamini niko TRA, kwenye mamlaka ya mapato. Nimeacha kumsahihisha.) Kwa mwaka na zaidi sasa tunajenga mfumo wa ushirika mmoja wa wakulima wa zabibu, upande wa Hombolo. Mkulima analeta kreti zake, zinapimwa, uzito wa kreti tupu unatolewa, makato yanakatwa, analipwa. Tuliuandika kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tunaongea: `mizani.py`, `makato.py`, `malipo.py`.

Kisha bosi akaja na habari kwamba kuna mshauri wa nje atakagua mfumo, na hasomi Kiswahili. Badilisheni majina.

Nikaifanya Jumapili jioni kwa mkupuo mmoja. Mafaili 41. Nilibadilisha majina ya mafaili, nikabadilisha majina ya vigeu (yale majina yanayobeba namba kwenye hesabu) ndani ya mafaili, halafu, kwa kuwa mkono ulishazoea kufagia, nikapitisha ile programu ya kunyoosha mistari na nafasi. Komiti moja, yaani mabadiliko yote yakaingia kwenye historia kwa pamoja. Ujumbe wake: "Majina kwa Kiingereza + usafi".

Git ikanijibu kwamba mafaili 12 yamebadilishwa jina, 29 yamefutwa, 29 yameundwa.

Niliona. Nasema ukweli, niliona hiyo 29 na 29, nikafunga kompyuta nikaenda kutafuta nyama choma. Kichwani nilikuwa na imani ambayo wengi wetu tunayo: Git ina akili, itajua yenyewe.

## Git haikumbuki

Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba ukiandika `git mv`, kuna mahali panaandikwa: huyu zamani aliitwa mizani, sasa anaitwa weighing. Hakuna. Amri hiyo ni njia fupi ya kuhamisha faili, kuliondoa jina la zamani kwenye orodha na kuongeza jipya. Ukishakomiti, hakuna hata nukta moja inayosema kwamba uliitumia. Kila komiti ni picha ya folda nzima ilivyokuwa wakati huo, basi.

Kule kubadilika jina tunakokuona kwenye skrini ni kisio. Unapoomba tofauti kati ya komiti mbili, Git inaziweka picha mbili kando kwa kando, inatafuta nani hayupo tena na nani kaingia, halafu inauliza: huyu mgeni anafanana na yupi kati ya waliopotea? Inauliza upya kila unapoomba. Leo inaweza kukisia hivi na kesho, ukibadilisha mpangilio mmoja, ikakisia vingine.

Siyo programu zote za kutunza historia ziko hivyo. Mercurial ukiiambia `hg mv` inaweka kumbukumbu. Subversion nayo inarekodi kwamba faili hili limenakiliwa kutoka lile. Linus Torvalds alipoianzisha Git mwaka 2005 alikataa jambo hilo makusudi. Hoja yake ilikuwa kwamba faili ni chombo tu. Kinachohama kweli ni kilichomo, na mara nyingi kinahama vipande vipande, fanksheni moja huku, nyingine kule. Ukirekodi majina ya vyombo, umekamata kidogo sana cha kilichotokea.

Nilikuwa naipenda hoja hii. Nimewahi hata kuitetea mbele ya watu.

Na mitaani kwetu ndivyo tunavyoishi. Mwaka 2022, kabla ya sensa, nyumba zetu zilipata namba na mitaa ikapata vibao, kwenye lile zoezi la anwani za makazi. Mpaka leo ukimpigia bodaboda ukamtajia jina la mtaa wangu na namba ya nyumba ananyamaza, halafu anauliza: "Ni pale kwa mzee wa mashine ya kusaga?" Ndiyo, ni pale. Hasomi kibao; anatambua kwa kilichopo. Git ni bodaboda wa Dodoma. Ukiihamisha mashine ya kusaga usiku, ukaubadilisha na mlango rangi, asubuhi atapita moja kwa moja.

## Inavyohesabu

Wiki ya kwanza baada ya ile Alhamisi sikulala vizuri, nikaanza kusoma jinsi kisio kinavyofanyika. Nilitarajia kitu kizito. Nilichokuta ni hesabu ambayo karani wa mizani angeielewa.

Kwanza Git inaangalia wanaofanana kabisa. Kila faili lina alama yake iliyokokotolewa kutokana na kilichomo, kwa hiyo faili lililobadilishwa jina tu, bila kuguswa ndani, lina alama ile ile. Linaunganishwa papo hapo bila kusomwa.

Waliobaki ndio wanaopimwa. Git inalikata kila faili vipande: kipande ni mstari mmoja, au baiti 64 (karibu herufi 64) kama mstari ni mrefu kuliko hapo. Kila kipande kinapewa namba. Kisha inahesabu ni baiti ngapi za faili la zamani ziko kwenye vipande vinavyoonekana pia kwenye jipya, na inagawa kwa ukubwa wa lile faili kubwa kati ya mawili. Ikifika asilimia 50, ni ndugu. Isipofika, mmoja amekufa na mwingine amezaliwa.

Mpangilio hauhesabiki. Unaweza kuichanganya mistari kama karata na bado ikaona ni ndugu wa karibu kabisa.

Lakini ndani ya mstari haiingii. Nilipofika hapo nikasimama, nikatoka nje kwenye ngazi, nikarudi.

Tazama. Huu ni mstari wa yule binti:

`kilo_safi = kilo_ghafi - (kreti * uzito_kreti)`

Na huu ni mstari huo huo baada ya Jumapili yangu:

`net_kg = gross_kg - (crates * crate_weight)`

Wewe unaona hesabu moja. Toa uzito wa kreti kwenye uzito wote, kinachobaki ndicho cha mkulima. Git inaona vipande viwili vyenye namba mbili tofauti, na haina nusu maksi: mstari uliobadilika herufi moja na mstari uliobadilika wote ni sawasawa, vyote sifuri. Kubadilisha jina la kigeu kinachotajwa kwenye mistari themanini kunaifuta mistari themanini, hata kama wazo halijasogea hata sentimita.

## 46

Nikaiomba ipime tena, kwa kizingiti cha chini kidogo:

`git diff -M40% --name-status`

Ikanipa `R046 mizani.py weighing.py`.

Asilimia 46. Pungufu nne.

Nikaandika skripti fupi ya kuhesabu mwenyewe, maana nilishaanza kuwa kama mtu anayerudia kuhesabu chenji akijua imepungua. Faili la zamani lilikuwa baiti 5,140. Langu lilikuwa 5,480, kwa sababu ya zile nafasi zilizoongezwa na programu ya kunyoosha. Zilizobaki bila kuguswa zilikuwa 2,540. Gawa kwa kubwa, unapata 46. Hata ningegawa kwa dogo ingekuwa 49.

Halafu nikazitazama hizo 2,540 ni nini hasa.

Zilikuwa mistari mitupu. Zilikuwa `else:` na `return None`. Na sehemu kubwa kuliko zote ilikuwa maelezo ya binti kwa Kiswahili, yale yanayoanza na alama ya reli, ambayo mimi kwa uvivu sikuyatafsiri. Aliandika maelezo marefu. Tulikuwa tunamtania kwamba anaandika barua. Mojawapo lilisomeka hivi:

`# kreti ya mbao ikilowa inaongezeka uzito, usitumie namba moja kwa zote. muulize mama wa mizani`

Hilo ni jambo ambalo sisi wote ofisini hatukulijua. Alilijua kwa sababu alipanda daladala, akakaa siku mbili kwenye banda la kupimia, akaona wakulima wanavyonung'unika kreti za asubuhi zikipimwa zikiwa bado na umande na maji ya kuoshea. Hesabu yake ndiyo iliyotenganisha kreti za mbao na za plastiki. Na kilichokaribia kumtambulisha kwa Git kilikuwa barua zake. Hesabu yenyewe haikuhesabiwa.

## Nikishusha kizingiti

Mtu atasema: shusha basi. Nilishusha. Kwa 40 nikapata ndugu wa kweli karibu wote. Kwa 30 nikapata na waliobaki. Kwa 20 ukoo ukaanza kuvamiwa: `makato.py` akaambiwa kuwa ndiye `roles.py`, watu ambao hawajawahi kukutana, kisa tu kila faili letu linaanza na mistari ile ile kumi na kitu ya kuita maktaba. Ni kama kikao cha harusi. Ukitaka michango, kila mtu ni shangazi.

Kwa hiyo siidharau ile 50. Ni namba ya mtu aliyepima pande zote mbili akaamua. Isitoshe, kizingiti ninachokishusha kwenye amri yangu ni changu peke yangu; mwenzangu akiuliza bila hiyo `-M40%`, anaona vifo na vizazi vile vile.

## Jina lile lile, ndani mwingine

Katika kuchimba nikakuta jambo la pili ambalo lilinitia aibu zaidi, maana hata sikuwa nimeliona.

Jumapili ile ile nilichukua yote yaliyokuwa ndani ya `app.py` nikayahamishia `routes.py`, halafu nikaandika `app.py` mpya, fupi, mistari ishirini. Git ikasema `app.py` limerekebishwa na `routes.py` ni geni. Haikujaribu hata kuwalinganisha. Sababu ni kwamba kwa kawaida inayemtafuta ni aliyetoweka, na `app.py` hakutoweka. Jina bado lipo mlangoni.

Baba mdogo wangu akienda kufuatilia kiwanja bado anaaga "naenda CDA". CDA, ile mamlaka ya ustawishaji makao makuu, ilivunjwa mwaka 2017. Anarudi na risiti ya Jiji, na kesho anasema tena CDA.

Dawa ipo: `-B`. Inaiambia Git kwamba faili likiwa limeandikwa upya kupita kiasi, livunje vipande viwili, la zamani lihesabiwe kuwa limefutwa na jipya limeundwa, hata kama jina ni moja. Ukiiweka pamoja na `-M`, yule wa zamani anapata nafasi ya kutafutiwa alikohamia. Nilipoandika `-B -M`, `routes.py` akapata mzazi. Lakini lazima uiombe. Yenyewe haikuanzii.

## Ijumaa usiku

Wiki ya tatu nikaamua kurekebisha. Sikuwa na uhakika kama nina haki.

Kurekebisha maana yake ni kuirudisha historia nyuma hadi kabla ya Jumapili, kuandika komiti mpya, na kuzisukuma kwa nguvu kwenye seva juu ya zile za zamani. Tuko wanne tu, na mshauri alikuwa hajachukua nakala. Inawezekana. Ila nilijiuliza: si kughushi huku? Nilifanya kazi hovyo, na historia inasema nilifanya hovyo. Sasa naiandika upya nionekane niliifanya kwa utaratibu. Bosi nilipomweleza alisikiliza kwa adabu, akauliza, "Mfumo unafanya kazi?" Nikasema ndiyo. "Sasa?"

Nilikubali kwa sharti langu mwenyewe: komiti ya zamani sikuifuta. Niliiacha kwenye tawi lake, yaani njia ya pembeni ya historia, nikaliita `jumapili`. Ipo mpaka leo, atakayetaka aione.

Kisha nikagawa kazi. Komiti ya kwanza ni majina ya mafaili tu. Hapa kuna mtego: ukibadilisha majina bila kugusa mistari ya `import`, mfumo hauwaki kwenye komiti hiyo, na mimi sipendi kuacha komiti iliyokufa katikati ya njia. Basi nikagusa mistari hiyo ya kuita, basi. `mizani.py` kwenda `weighing.py` ikatoka asilimia 97. Komiti ya pili, vigeu. Ya tatu, kunyoosha.

Nikaandika `git blame`. Jina langu tena, karibu kote.

Nilicheka peke yangu ofisini saa nne usiku. Bila shaka! Blame inamtaja aliyeugusa mstari mara ya mwisho, na kwenye komiti ya pili aliyeigusa ni mimi. Historia ya faili ilikuwa imeungana sasa, `git log --follow` ilikuwa inatembea mpaka siku ya kwanza ya binti. Ila mstari kwa mstari bado nilikuwa nimeukalia.

Kilichobaki ni faili dogo liitwalo `.git-blame-ignore-revs`, ambalo unaandika ndani yake namba za komiti za kurukwa, kisha unaiambia Git ilisome. Uwezo huu uliingia Git mwaka 2019. Nikaandika komiti ya pili na ya tatu. Na hapa kuna kitu kilichonifurahisha kuliko chochote katika wiki zote hizi: blame inaporuka komiti, inapotafuta mstari wa zamani uliozaa huu mpya, haipimi mstari mzima kwa mkupuo. Inalinganisha herufi mbilimbili. Ndani ya programu ile ile moja, chumba kimoja kinakataa kuingia ndani ya mstari na chumba cha jirani kinaingia mpaka jikoni. Lakini inafanya hivyo ikiwa tu faili linaweza kufuatwa kupita komiti ile. Na ile komiti yangu ya Jumapili ilikuwa imekata kamba. Ndiyo maana kugawa kulikuwa lazima.

Mistari 118 ikarudi kwake. Kumi na sita ya mwenzetu mwingine. Tisa yangu, na ni yangu kweli.

Mstari wa `net_kg` ulikuwa na jina lake na saa: saa moja na dakika arobaini usiku, Jumanne ya mwezi Machi, katikati ya mavuno. Nakumbuka jioni ile. Umeme ulikuwa unakatika, akawa anaandika kwa mwanga wa simu.

## Mama wa mizani

Fildi yake ilikuwa imekwisha siku tisa kabla. Nilimtumia picha ya skrini kwa WhatsApp. Akajibu: "Asante sana kaka 🙏 ripoti nilishaiwasilisha." Sikuuliza alipata ngapi, na yeye hakusema.

Mshauri alifika hatimaye, siyo kwa mwili, kwa barua pepe. Alisoma kodi yote kwa siku mbili. Majina hayakumpa shida hata kidogo, hakuyagusia. Mwishoni aliweka swali moja tu, kuhusu mstari wa 61 wa `weighing.py`. Ameupitisha kwenye programu ya kutafsiri na bado hauelewi. Huyu "mama wa mizani" ni sehemu gani ya mfumo, na nyaraka zake ziko wapi?

Nimeipeleka ile barua kwa binti aijibu yeye, na jina lake liwe chini. Amesema atajibu akitoka kwenye mtihani.